Saa 3 za Pumzi: Kemikali Inapofika kwa Bakteria wa Majitaka

Kampuni inayotengeneza au kuingiza kemikali katika soko la Umoja wa Ulaya kwa kiasi cha tani 10 au zaidi kwa mwaka huulizwa maswali mengi. Inaua samaki? Inawasha ngozi? Inadhuru mimba? Kati ya maswali hayo limo moja ambalo mnunuzi wa sabuni au rangi halimpitikii akilini: kemikali hii ikishamwagwa kwenye sinki na kufika kwenye mtambo wa majitaka, bakteria wa huko wataendelea kupumua?

Swali hilo limo katika sheria ya REACH, Kanuni Namba 1907 ya mwaka 2006, na kwa kawaida hujibiwa kwa jaribio la saa 3 tu. Jaribio lenyewe ni rahisi, halihitaji mnyama wa maabara wala mashine ya mamilioni. Tarakimu linayotoa hata hivyo husomwa vibaya mara nyingi. Wapo wanaoichukulia kama cheti cha usalama, na wapo wanaoipuuza kwa kuwa bakteria si samaki. Katika Afrika Mashariki kuna ugumu wa ziada, kwa sababu jaribio lilibuniwa kwa aina ya mtambo ambayo miji yetu mingi haina.

Bakteria hao ndio mtambo wenyewe. Pampu, mabomba na saruji vipo kwa ajili ya kuwaweka mahali pamoja, kuwapa hewa na kuwaletea chakula. Mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett, wanakemia wa kituo cha majitaka cha Davyhulme mjini Manchester, waliripoti jaribio lililobadilisha kazi hii duniani. Walipuliza hewa kwenye majitaka hadi amonia yote ikageuka nitrati, kazi iliyochukua takriban wiki 5. Kisha, badala ya kutupa tope lililotuama chini, walimwaga maji ya juu, wakaliacha tope na kuongeza majitaka mapya juu yake. Wakarudia tena na tena. Kila mzunguko ulikwenda kasi kuliko uliotangulia, mpaka kazi ya wiki 5 ikamalizika ndani ya saa 24. Tope lilikuwa limejaa bakteria waliozoea kazi, na ndilo linaloitwa tope hai.

Mtambo wa tope hai hujengwa juu ya jambo hilo moja: maji yanapita kwa saa chache, bakteria wanabaki kwa siku nyingi. Hapo ndipo penye nguvu yake na hapo hapo ndipo penye udhaifu. Sumu ikiingia, maji yenye sumu yataondoka leo, lakini bakteria waliouawa hawarudi kesho.

Mwongozo unaotumika zaidi kupima hatari hiyo ni Namba 209 wa OECD, jumuiya ya nchi zenye uchumi mkubwa yenye makao Paris. Ulipitishwa mwaka 1984 na kuandikwa upya mwaka 2010. Shirika la viwango la kimataifa nalo lina kiwango kinachofanana nao, ISO 8192. Fundi wa maabara huchukua tope kutoka kwenye mtambo unaopokea hasa majitaka ya nyumbani, akaliosha kwa maji ya bomba na kuliweka kwenye hewa. Kila chupa ya nusu lita hupata mililita 250 za tope na mililita 16 za chakula cha maabara, yaani mchanganyiko wa peptoni, dondoo ya nyama, urea na chumvi kidogo. Nafasi iliyobaki hujazwa maji na kemikali inayochunguzwa, kwa vipimo vinavyopanda chupa hadi chupa. Tope ndani ya chupa huwa gramu 1.5 kwa lita likipimwa kavu, na joto hushikiliwa kwenye nyuzi 20, kwa tofauti isiyozidi nyuzi 2.

Chupa hupuliziwa hewa kwa saa 3. Kisha hewa hukatwa, kipima oksijeni hutumbukizwa, na fundi hutazama jinsi oksijeni inavyoshuka. Bakteria wazima huimaliza haraka. Waliolewa sumu huichukua polepole. Kasi hizo huchorwa kwenye grafu, na kutoka kwenye grafu hupatikana EC50, ukolezi unaopunguza upumuaji kwa nusu.

Maabara haiaminiwi kwa maneno yake. Chupa zisizo na kemikali lazima zioneshe tope lenye uhai: angalau miligramu 20 za oksijeni kwa kila gramu ya tope kavu kwa saa. Juu ya hapo, tope lilelile hujaribiwa kwa sumu inayojulikana, 3,5-diklorofenoli, ambayo EC50 yake kwa upumuaji wote inapaswa kuangukia kati ya miligramu 2 na 25 kwa lita. Ikiangukia nje ya hapo, tope hilo ni dhaifu mno au sugu mno, na matokeo yote hutupwa. Msomaji makini ataona kwamba upana wa 2 hadi 25 ni zaidi ya mara 10. Tope si kitendanishi cha dukani chenye lebo. Ni jamii ya viumbe hai, na tope la mji mmoja halilingani na la mji wa pili.

Ndani ya jamii hiyo kuna makundi mawili yasiyofanana hata kidogo. Kundi kubwa hula kaboni: mabaki ya chakula, kinyesi, mafuta, sabuni. Hawa ni wa spishi nyingi, huzaliana ndani ya saa chache, na mmoja akiangushwa na sumu mwingine hushika nafasi yake. Kundi dogo, wakiwemo Nitrosomonas na Nitrospira, huishi kwa kuchoma amonia hadi nitriti na nitrati. Spishi zao ni chache na huongezeka polepole, wakihitaji siku nzima au zaidi ili idadi yao iwe maradufu. Wakifa, mtambo unaweza kutoa amonia kwa wiki kadhaa kabla hawajarudi kwa wingi wa kutosha. Amonia inayotoka nje huua samaki na hunyonya oksijeni ya mto, kiasi cha gramu 4.57 za oksijeni kwa kila gramu moja ya nitrojeni.

Mwongozo wa mwaka 1984 ulipima upumuaji kwa jumla, na kwa kuwa wala-kaboni ndio wengi, kilio cha wala-amonia kilimezwa na kelele za wenzao. Marekebisho ya 2010 yaliwatenganisha kwa mbinu ya werevu. Chupa moja hupewa aliltiourea, miligramu 11.6 kwa lita, kemikali inayozima uchomaji wa amonia bila kuwagusa sana wala-kaboni. Nyingine haipewi. Tofauti ya upumuaji kati ya hizo mbili ndiyo pumzi ya wala-amonia. Unyonge wao huonekana hata kwa ile diklorofenoli ya kulinganishia: kiwango kinachokubalika kwa wala-kaboni ni miligramu 5 hadi 40 kwa lita, kwa wala-amonia ni 0.1 hadi 10. Ripoti ya kemikali inayotaja tarakimu moja tu ya upumuaji wa jumla, katika mtambo unaotegemewa kuondoa amonia, imeacha nusu ya jibu, na hiyo nusu ndiyo nzito.

Tarakimu ikishapatikana, hugawanywa. Utaratibu wa Ulaya huchukua EC50 na kuigawanya kwa 100 ili kupata ukolezi unaodhaniwa hautadhuru mtambo. Kama jaribio liliwapima wala-amonia wenyewe, kigawanyo hupungua hadi 10, kwa sababu hao ndio wanyonge na hakuna haja ya kukisia zaidi. Kemikali yenye EC50 ya upumuaji wote ya miligramu 50 kwa lita basi hupewa mpaka wa miligramu 0.5.

Hesabu hiyo huonekana nadhifu mpaka ipelekwe kiwandani. Chukua mtambo unaopokea mita za ujazo 10,000 kwa siku, na kiwanda kinachomwaga kilo 2 za kemikali hiyo kwa siku. Wastani wake ni miligramu 0.2 kwa lita, chini ya nusu ya mpaka, na afisa anaweza kutia saini kibali bila wasiwasi. Lakini kiwanda hakimwagi kwa wastani. Kinaosha matangi jioni, baada ya zamu. Kilo hizo 2 zikiingia kwenye bomba ndani ya saa moja, zikakutana na maji ya saa hiyo tu, ukolezi unaofika mlangoni mwa mtambo unakaribia miligramu 4.8 kwa lita, karibu mara 10 ya mpaka. Tangi kubwa la hewa litaupunguza, bila shaka, ila mtambo mdogo wa hoteli au wa jengo la ghorofa hauna tangi kubwa. Ndiyo maana tangi la kusawazisha ndani ya uzio wa kiwanda, linaloachia maji polepole usiku na mchana, hulinda bakteria kuliko tarakimu nyingi za kwenye karatasi.

Mwezi Machi 1977 mji wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, ulionja jambo hili kwa ukali wake wote. Taka za heksaklorosiklopentadini, malighafi ya viuatilifu, zilimwagwa kinyume cha sheria kwenye mabomba ya majitaka na kufika mtambo wa Morris Forman. Walioanguka kwanza hawakuwa bakteria. Walikuwa wafanyakazi, macho yakiwawaka, koo na kichwa vikiwauma. Mtambo ulifungwa. Kwa wiki kadhaa majitaka yasiyosafishwa ya mji mzima, takriban galoni milioni 100 kwa siku, sawa na lita milioni 380 hivi, yalikwenda moja kwa moja mto Ohio. Aliyepatikana na hatia mahakamani alipewa kifungo na faini. Hakuna mwongozo wa maabara ungeweza kumzuia mtu aliyeamua kumwaga sumu kwa siri. Lakini Louisville ilionesha ukubwa wa kinachopotea mtambo unaposimama, na ukubwa huo ndio unaofanya saa 3 za kupima pumzi ziwe bei rahisi.

Turudi kwenye chupa, kwa maana ndani yake kuna mitego ambayo mtaalamu mgeni hunaswa nayo.

Kuna kemikali zinazoongeza upumuaji huku zikiua. Dinitrofenoli ni mfano maarufu: huvunja kiungo kati ya kuchoma chakula na kutengeneza nishati, bakteria akawa kama gari lililotolewa gia, injini inanguruma na magurudumu hayaendi. Kipima oksijeni kitaonesha tope lenye afya njema kupita kiasi. Kinyume chake, kemikali kama salfaiti hula oksijeni yenyewe bila msaada wa kiumbe yeyote, na bila chupa ya ulinganisho isiyo na tope, fundi ataandika kwa jina la bakteria kazi ambayo bakteria hakuifanya. Kemikali zinazoruka hewani nazo hutoka na mapovu wakati wa kupuliza, na kinachobaki ndani ya chupa hakilingani na kilichoandikwa juu yake.

Viuavijasumu vina ujanja wao. Vingi huzuia bakteria kujenga protini au kugawanyika, wala haviwakabi pumzi. Bakteria aliyepigwa na dawa ya aina hiyo anaweza kupumua vizuri kwa saa 3 na asizae tena. Kwa dawa kama hizo jaribio la ukuaji wa Pseudomonas putida, linalochukua saa 16 hivi, huuliza swali linalofaa zaidi. Lipo pia jaribio la bakteria wa baharini, Aliivibrio fischeri, anayetoa mwanga. Sumu ikimpata mwanga hufifia, na jibu hupatikana ndani ya dakika 30 au chini yake. Ni jepesi na lina hisi kali, mno pengine: kiumbe mmoja wa maji ya chumvi, asiye na tope la kumkinga, hushtushwa na vitu ambavyo jamii nzima ya tope ingevistahimili. Wanaotumia tarakimu zake kuamua hatima ya mtambo wa majitaka wanamwuliza mvuvi habari za shamba.

Sabuni za kuua vijidudu za jamii ya benzalkoni, zilizojaa katika dawa za kusafishia hospitali na nyumba, huleta utata mwingine. Hushikamana na tope kwa nguvu. Ndani ya chupa yenye tope jingi sumu yake hupungua, kwa sababu sehemu kubwa imegandamana na uchafu. Ndani ya chupa yenye tope kidogo huonekana kali. Katika mtambo wa kweli kushikamana huko kuna maana ya pili: maji yanaondoka, kemikali inabaki na tope na kujilimbikiza siku baada ya siku. Saa 3 hazioni mlimbikizo. Hazioni pia uzoefu, kwani tope lililolishwa kemikali fulani kidogo kidogo kwa wiki nyingi linaweza kujifunza kuila.

Kutojua sumu ya kemikali kwa bakteria huharibu hata hukumu nyingine. Kemikali hupimwa pia kama inaoza kwa urahisi, na kwenye majaribio ya kundi la OECD 301 hupewa bakteria kwa siku 28. Ikiwa kipimo kilichotiwa ni kikubwa kiasi cha kuwaua, hakuna kitakachooza, na kemikali itaandikwa kuwa sugu ilhali wasafishaji walikufa siku ya kwanza. Kwa hiyo huwekwa chupa ya ziada yenye kemikali hiyo pamoja na chakula kinachooza bila shida. Chakula hicho kikioza chini ya asilimia 25 ndani ya siku 14, kwa kipimo cha oksijeni au kaboni dioksidi, mlaumiwa ni sumu.

Hayo yote yanahusu tope linalopuliziwa hewa. Sasa tazama majitaka ya Afrika Mashariki yanapokwenda. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi yanayopita kwenye mabomba huishia Ruai, kwenye mabwawa ya Dandora. Dar es Salaam ina mabwawa yake, yakiwemo ya Vingunguti, yanayopokea maji ya viwandani pamoja na shehena za magari ya kunyonya majitaka. Moshi na Mwanza pia hutegemea mabwawa. Ni uamuzi wa busara: jua lipo, ardhi ilikuwepo, na bwawa halidai umeme. Tope hai hupatikana zaidi kwenye mitambo midogo ya hoteli, viwanda na majengo makubwa.

Kwenye bwawa, hewa haitoki kwenye pampu. Hutoka kwa mwani wa kijani, unaotengeneza oksijeni mchana kwa mwanga wa jua, na bakteria huitumia. Kiuagugu kinachozima usanisinuru, mfano diuroni, kinaweza kupita jaribio la Namba 209 bila kuwasumbua bakteria, kisha kikanyamazisha mwani na kuliacha bwawa bila pumzi. Kwa bwawa, jaribio la mwani la saa 72, Namba 201, lina uzito kuliko la tope. Bwawa la kwanza katika msururu, lenye kina kirefu, halina oksijeni kabisa. Humo, kama ilivyo kwenye makaro na vyoo vya shimo vya mamilioni ya watu, kazi hufanywa na viumbe wanaokimbia hewa na kutoa gesi ya metani. Kwao upo mwongozo mwingine, Namba 224 wa mwaka 2007, unaopima gesi inayotolewa na tope lililofungwa kwenye chupa kwa nyuzi 35 kwa muda wa siku 2 au 3. Ndio unaohusu pia mtambo wowote unaoozesha tope ili kuvuna gesi.

Mazingira nayo hayafanani na ya Paris. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Maji hayohayo Nairobi, karibu mita 1,800 juu, hubeba kama 7.4. Kwenye joto la nyuzi 30 Dar es Salaam ni 7.6 hivi. Bakteria wa huku huanza kazi wakiwa na akiba ndogo, na kwenye joto hupumua haraka zaidi. Tarakimu iliyopatikana Ujerumani haiwi batili ikifika Vingunguti, ila haifai kuingizwa kwenye kibali kana kwamba ilipimwa Vingunguti.

Vibali vyenyewe vinauliza nini? Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zinataka maji yanayomwagwa kwenye mazingira yasizidi BOD ya miligramu 30 na COD ya 50 kwa lita. Za Tanzania za mwaka 2007 zinataka 30 na 60. Kuna pia orodha za metali na kemikali kadhaa. COD hupima oksijeni inayohitajika kuchoma uchafu kwa kemikali. BOD hupima oksijeni inayoliwa na bakteria katika siku 5, nayo ina kasoro inayowafaa wachafuzi: maji yenye sumu kali hutoa BOD ndogo, kwa sababu bakteria waliotiwa kwenye chupa wamekufa na wafu hawapumui. Kwenye fomu, maji hayo huonekana safi kuliko ya kiwanda cha maziwa. Fundi mzoefu hulitambua hilo kwa dalili mbili: COD kubwa kando ya BOD ndogo, na BOD inayopanda kila sampuli inapozimuliwa zaidi kwa maji. Fomu haiulizi dalili hizo.

Kuipata dalili ya tatu, pumzi ya bakteria yenyewe, si kazi kubwa. Maabara yoyote inayopima BOD tayari ina njia ya kupima oksijeni. Chupa za nusu lita, pampu ndogo ya hewa ya aina inayowekwa kwenye matangi ya samaki, kikorogeo na saa vinatosha kuanza. Tope la kupimia lipo bure kwenye mtambo wenyewe, na hilo ni bora kuliko tope lolote la kigeni, maana ndilo litakaloumia.

Mamlaka zinazotoa vibali vya kumwaga majitaka ya viwanda, za mazingira na za maji, Kenya, Uganda na Tanzania, zianze na viwanda vya ngozi, nguo, rangi, dawa na viuatilifu. Kila kimoja kitakiwe kuleta, pamoja na BOD na COD, kipimo cha pumzi ya viumbe wa mtambo kinaoumwagia: tope kama ni tope, mwani kama ni bwawa, gesi kama ni tangi lililofungwa. Sampuli ichukuliwe saa kiwanda kinapoosha matangi, si saa mkaguzi anapotarajiwa.